Mkono wa Nolasco

Nolasco wa Igurwa alikuwa fundi wa kibanja, shamba la migomba la kando ya nyumba, na ufundi huo ndio uliommaliza. Tangu utotoni baba yake alimfundisha kwamba mwanamume hapiti chini ya mgomba akaacha jani bovu likining'inia. Ni uvivu, na wageni wataona. Akazeeka mkono wake ukipogoa hata kichwa kikiwa kwenye mambo mengine.

Mnyauko wa migomba ulipoingia kijijini, Evelyn, bibi shamba, aliwaeleza wakulima kwamba ugonjwa husafiri kwenye mundu. Ukikata mgomba mmoja, choma mundu motoni kabla ya kugusa wa pili. Nolasco alielewa upesi kuliko wote, akawa anawafundisha wenzake. Watu hudhani ukishajua jambo umeshabadilika. Laiti ingekuwa hivyo.

Migomba ya bondeni ikaisha yote. Ikabaki ile ya nyuma ya jiko, chakula chao yeye na mkewe Salvina. Wakakubaliana mundu usifike huko kabisa.

Asubuhi moja alikuwa akitoka bondeni kukata migomba iliyooza, mundu mkononi, binti yao Mackrine akapiga simu kutoka Bukoba. Amejifungua mtoto wa kiume. Nolasco akacheka, akauliza hili na lile, huku akitembeatembea kama wafanyavyo watu wenye simu sikioni. Alipokata simu, Salvina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Majani yalikuwa yametapakaa miguuni pa mumewe, na kila mgomba umepogolewa vizuri.

"Baba Mackrine, umefanya nini?"

"Si mimi. Ni mkono."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli wenyewe haukusaidia kitu.

Ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, ndani nyeusi. Salvina alitumbukiza mundu chooni, akarudi kubandika maji ya ugali, kitu ambacho nyumba ile haikuwahi kukihesabu kuwa chakula.

Jumapili, wakitoka kanisani, walikatiza kibanja cha jirani yao Desderius. Jani moja lilikuwa limevunjika. Mkono wa Nolasco ukanyanyuka, mtupu, ukalishika. Desderius akamwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, naomba kuanzia leo mpite barabarani."

Nolasco alitia mkono mfukoni, wakazunguka njia ndefu. Walipofika nyumbani, kabla hata hajavua koti, mkono ulikuwa unapapasa ukutani, pale mundu ulipokuwa ukitundikwa.