Mama Aliimbia Nyuma ya Ghala

Enzi zetu, sauti ya mtu ilikwenda na mwenyewe. Siku hizi vijana wanarekodi hata chapati kabla ya kuila, ati watu waione. Sisi kule Kabuchai, miaka ya hamsini, mashine ya kunasa sauti tuliiona shemeji yetu alipoileta.

Shemeji alikuwa mume wa dada yangu Nasimiyu, fundi wa redio mjini Kitale. Dada alikuwa mjamzito, na alitaka mtoto wake aje aisikie sauti ya nyanya yake. Mama ndiye aliyekuwa mwimbishaji pale kwetu. Akianza wimbo, waliokuwa wakipalilia mahindi ng'ambo ya mto waliitikia.

Shemeji akaweka mashine sebuleni, akaiunga na betri ya gari. Baba akakaa na litungu lake, akikaza nyuzi moja moja. Dada zangu wengine wakapangwa ukutani. Lakini Mama hangeweza kuingia. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawakukaa chumba kimoja, hata kusalimiana kwa mkono ilikuwa mwiko. Kuku na ugali wa wimbi alitupa sisi watoto tumpelekee shemeji, yeye akabaki jikoni.

"Nitaimbia huku huku nje," akasema. "Nimkosee mkwe wangu heshima kwa sababu ya wimbo?"

Mara ya kwanza aliimba karibu na dirisha. Kimshale cha mashine kikaruka hadi kwenye wekundu, na tulipoisikiliza, sauti yake ilikuwa imepasuka, inakwaruza. Shemeji akatutuma: "Mwambieni Mama arudi nyuma kidogo." Akarudi mpaka migombani. Bado. Akarudi mpaka nyuma ya ghala, na kimshale kikatulia. Shemeji akaifuta ile ya kwanza, akarekodi juu yake.

Tulifurahi sana kuisikiliza. Litungu safi, dada zangu safi. Mama naye alikuwa huko nje anaimba pamoja na mashine, kwa hivyo hakuna aliyegundua kitu.

Mvua iliyofuata homa ikamchukua Mama, mtoto wa dada hajatimiza hata mwezi. Baada ya mazishi Nasimiyu akaomba mashine iwashwe. Litungu likalia, dada zangu wakaitikia, wanamwitikia mtu asiyesikika. Ukitega sikio sana unamsikia Mama kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka shamba la jirani. Nasimiyu alilia, akisema afadhali ile iliyopasuka. Shemeji alitoka nje.

Juzi mjukuu wangu aliitia rekodi ile kwenye kompyuta. Akiipandisha sauti ya Mama, litungu nalo linapanda. "Kukhu," akaniambia mimi nyanya yake, "hapa hakuna kitu ya kuvuta."

Leo wakwe na mama wakwe wanakula meza moja, wanacheka, wanapigana picha. Mimi siwasemi. Mkwe wangu akija kunirekodi na simu yake, namwambia aisogeze karibu kabisa na mdomo. Ananiambia sauti itapasuka. Namwambia iache ipasuke.