Rehema kamfungia Zena fundo

Jamani, leo simu imemliza shoga yangu Zena, na mimi nikalia kumshinda!

Mjukuu wangu Rehema kaandika mtandaoni habari za wazee wa kijiji chetu cha ujamaa, hapa Tindiga. Kila jina nene, jekundu. Linapendeza kama khanga mpya.

Ila Zena haoni, simu ndiyo humsomea. Alitaka habari za marehemu mumewe tu. Simu ikasoma mfululizo, majina ikayapita kama maneno mengine.

Zena akafyonya. "Mjukuu, wekundu wako niule?"

Nikamwambia Rehema: "Ghala la ujamaa lilikuwa giza. Magunia ya mbegu tuliyapaka rangi, na bado watu wakasaga mbegu wakidhani ni chakula! Zena ndiye aliyeyafunga fundo, ukishika unajua."

Mtoto ana akili huyu! Kila jina akaliwekea alama ya kuiambia simu: hapa zinaanza habari za fulani. Rangi akawaachia wenye macho.

Zena akagusa kioo. Simu ikaruka mpaka kwa mumewe.

"Rehema," akasema akilia, "umefunga fundo."

Nani ana mjukuu kama huyu? Semeni!

Haya nasema mimi, Rehema anaandika. Akipunguza sifa zake tutajua. Simu ya Zena itatusomea.