Kiazi cha Kila Nyumba

Jirani amechoma viazi kwenye majivu leo. Harufu imeingia dirishani, nami nimesimama tu na kisu mkononi, kitunguu kikinisubiri.

Likizo moja ya shule nilitoka kwetu Iringa kwenda kwa rafiki yangu wa bweni, vilimani juu ya Mbeya. Alinitembeza kijiji hadi kijiji, ukungu ukitulowesha nywele, na kila tulipopiga hodi tulipewa kiazi cha moto kutoka majivuni.

"Pokea," alininong'oneza. "Ukikataa kiazi, umeikataa nyumba."

Nyumba ya tatu nilikuwa nimeshiba ndi. Vilivyofuata nilivificha kwenye kanga, vikawa vinaniunguza tumbo.

Jioni mama yake aliifungua ile kanga. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Yeye akacheka mpaka akakaa chini, kisha akavifunga upya.

"Mpelekee mama, mwanangu. Mwambie vilima vyote vinamsalimu."

Kesho yake nikasafiri navyo. Mama alivila kimoja kimoja, vimepoa na kukauka, na kila alipochukua kingine aliuliza, "Na hiki cha nyumba gani?"

Nikamsimulia nyumba zote. Nilizozisahau nikamtungia.