Sifuri Aliyoikata Marehemu

Bado nina hasira, na leo nasema ninayemkasirikia ni nani.

Tangu tumzike kaka yangu Boay, aliyekuwa fundi wa kompyuta, mimi ndiye ninayeangalia kompyuta sita za duka letu la uchapaji hapa Maisaka. Juzi nilijaza upya namba za mtandao kutoka kwenye daftari lake. Asubuhi yake kompyuta hazikuonana, na printa haikupokea kazi hata moja. Wateja wakajaa mlangoni. Mama Neema, mchapaji wetu, akaguna: "Marehemu ametuachia vurugu."

Nikapiga meza. "Usimseme kaka yangu! Aliyevuruga yuko hai, na nikimjua anaondoka hapa leo leo!"

Nikamwita fundi kutoka Nakwa. Akafungua programu ya kusimamia mtandao, akafika kwenye subnet mask, zile namba zinazoiambia kompyuta majirani zake ni akina nani.

"Hii 255 ya nne imetoka wapi? Hapa inakaa sifuri. Sasa kila kompyuta inajiona iko peke yake duniani."

Nikamfungulia daftari kwa kiburi. "Soma mwenyewe. 255 tatu, halafu sifuri imepigwa mstari. Boay aliona amekosea akaifuta, ndiyo maana mimi nikaweka..."

Nikalifunga daftari, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Hakuifuta, kaka," fundi akasema taratibu. "Mafundi tunaikata sifuri kwa mstari isifanane na herufi O."

Mama Neema akanigeukia.

"Sasa Baba Lulu, huyo aliyevuruga anaondoka saa ngapi?"