Msumari Unaoyeyuka Mguuni

Mume wangu ni fundi wa mashua, na mwanamke akiolewa na fundi wa mashua hujifunza mapema kwamba duniani kuna adui mmoja tu: chumvi. Chumvi hula msumari, msumari ukiliwa ubao hulegea, ubao ukilegea watu hufa. Hakuyasoma popote hayo. Mdogo wake alizama karibu na Ras Mkumbi ndani ya mashua ambayo mume wangu mwenyewe aliigongelea misumari rahisi, na tangu siku hiyo haamini chuma chochote.

Sasa mtu huyo aambiwe kwamba mguuni mwa mkewe kumetiwa skrubu, tena zimetengenezwa makusudi ziliwe!

Niliteleza mwambani na gunia la mwani mbichi kichwani, kifundo cha mguu kikavunjika. Hospitali ya hapa kisiwani ikanipeleka Dar es Salaam. Daktari wa mifupa, kijana mpole, alinieleza kwamba skrubu za kawaida huenda zikahitaji kutolewa baadaye kwa kupasuliwa tena. Hizi mpya za magnesiamu hushika mfupa mpaka uunge, huku mwili ukizila taratibu mpaka ziishe. Nikamwambia atie hizo. Kupasuliwa mara mbili kwa mguu mmoja sikuwa na hamu nako.

Niliporudi nikamsimulia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Na chumvi ya mwilini je?"

"Si ndiyo inayozila," nikamjibu, na hapo nikajiponza mwenyewe.

Nyumba yetu ya Miburani ikageuka karakana, na mimi ndiye mashua. Samaki akawa anapikwa bila chumvi. Pwani nikakatazwa hata kuinusa. Plasta ilipofunguliwa, akaanza kunipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa anayopaka mbao zisioze. Majirani waliokuja kunipa pole waliishia mlangoni, leso puani. Daktari alikuwa ameagiza nianze kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo, lakini fundi wangu aliyapandisha magongo darini. Kwake yeye, chombo hakishushwi majini kabla ya wakati. Bamvua, yale maji makubwa ya kuvunia mwani, zikaja zikapita, wenzangu wakavuna mwani wao, na wageni wa hifadhi ya bahari wakapiga picha kina mama wa mwani. Mimi nilikuwa kitandani nanuka papa.

Siku moja ngozi ya kifundo ikavimba kidogo, uvimbe laini. Daktari alikuwa amenitahadharisha: magnesiamu ikiyeyuka hutoa gesi, na gesi hiyo huisha yenyewe. Mume wangu hakutaka kusikia habari ya gesi. Alipiga magoti, akaweka sikio mguuni, akabonyeza kwa kidole.

"Inavuja," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilipomtazama, alikuwa analia. Kicheko kikaniisha, nikamhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Aliogopa kunipoteza, basi.

Tukarudi Dar es Salaam kwa daktari yule yule. Akamwamkia mume wangu shikamoo, akaiinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Mfupa ulikuwa umeunga. Skrubu zilikuwa zimebaki kivuli.

"Sasa nini kinaushika?" mume wangu akauliza.

"Unajishika wenyewe, mzee." Kisha daktari akakishika kigimbi changu, kilichokuwa kimenyauka, akakunja uso. "Ila msuli huu umekwisha. Mama, hukutembea?"

Fundi alitazama dari kana kwamba ina ufa.

"Asipoutumia sasa, atachechemea maisha yake yote," daktari akasema.

Tukarudi kisiwani. Asubuhi ya pili, maji yakiwa yametoka, mume wangu alinishika mikono yote miwili akanishusha pwani, akirudi kinyumenyume mbele yangu. Tulipofika kwenye maji ya magotini maumivu yalinipanda hadi nyongani. Yeye alizidi kunikaza.

"Niachie," nikamwambia.

"Ukianguka?"

"Msumari umejua wakati wa kuachia, bwana weye. Wewe fundi mzima hujui?"

Akaniachia. Nilikwenda hatua chache nikaanguka, nikalowa mpaka ushungi. Nilipopangusa macho nilimwona amesimama palepale, mikono ameibana kwapani kwa nguvu zake zote ili asinikimbilie, akiningoja niinuke mwenyewe.