Siku Nilipovua Sweta Manda

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Njombe mtanielewa, mtoto hakuvua sweta mpaka limchanikie mwilini. Tulilala nalo, tukaenda nalo shule, tukacheza nalo mpira wa makaratasi kwenye ukungu, mpira ukipotea mchezo unaendelea. Kuoga asubuhi ilikuwa adhabu kamili. Watoto wa leo wanachemshiwa maji kwa umeme na bado wananuna.

Nilikuwa darasa la tatu Mama aliponipeleka kwao Manda, mji wa zamani wa Wajerumani kando ya Ziwa Nyasa. Tulipanda lori la mahindi, tukalala Ludewa, kesho yake tukateremka milima hadi masikio yakaziba. Mama hakuongea njia nzima. Sababu niliijua, maana watu wazima wakidhani mtoto amelala husema yote. Babu, yaani baba yake, alimkataza kuolewa na Mbena wa kwenye baridi, naye akaolewa. Tangu harusi hawakuwa wamesemeshana. Sasa nilikuwa natangulizwa kuomba msamaha, mimi na gunia la viazi.

Manda ilikuwa joto tupu. Kulikuwa na kuta nene za mawe alizoziacha Mjerumani, njia za mchanga, na harufu ya usipa, vile visamaki vidogo, vikikauka juani kila uwanja. Babu aliitikia shikamoo yangu, akapokea viazi, lakini binti yake akamruka kwa macho kama hayupo. Akanitembeza mjini kwa maringo ya mkuu wa wilaya: hapa Mjerumani alikaa, hapa meli hutia nanga, hapa nilichapwa viboko kwa nanasi la watu. Mama alitufuata kwa nyuma.

Asubuhi moja Babu akaniambia, "Mjukuu wangu harudi kwao bila kuoga ziwani. Vua hilo blanketi."

Nikalishikilia sweta langu. Mtoto wa Njombe anayajua maji ya asubuhi, yanauma hadi kwenye mifupa. Nikaomba nichemshiwe kwanza. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walicheka hadi wakaacha kazi. Babu hakucheka. "Ndio watoto wa huko," akasema, akaanza kuondoka. Nilipomtazama Mama usoni niliogopa, nikajua safari yetu nimeiharibu.

Mama akavua kandambili. Akaingia ziwani na kitenge chake, akapiga mbizi, akaibukia mbali, mwanamke niliyezoea kumwona na shuka mabegani akipuliza moto. Akarudi, akaninyooshea mkono. Nikavua sweta, nikafumba macho, nikaingia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani. Nikacheka peke yangu. Hapo nikasikia sauti ya Babu nyuma yangu, imekwaruza: "Usipa. Usipa wangu, usimpeleke mtoto kwenye kina."

Lilikuwa jina la Mama la utotoni. Alilia humo humo majini, na jioni yeye na baba yake walikula sahani moja.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu Manda. Babu hayupo tena, na Mama miguu haimruhusu safari, amebaki Njombe na shuka lake. Wanangu walisimama ufukweni na viatu vyao vyeupe, wakilipiga ziwa picha na kuuliza mtandao uko wapi. Mama akapiga simu. Hakuulizia kuta za Mjerumani wala kaburi la baba yake.

"Mmeingia majini?"

Sisi tulikuwa na wa kutuamuru, na amri ile tuliyoiogopa ndiyo ninayoililia leo; hawa wangu wanaombwa kwa upole na wanakataa kwa upole. Nikaiweka simu kwenye spika, nikampa mkubwa wao ashike, nikavua shati, nikaingia na kitambi changu chote. Walicheka kwanza. Halafu mdogo akaanza kufungua kamba za viatu, na dada yake wa kati akamfuata.

"Bibi, wanaingia," mkubwa alisema.

Tukamsikia Mama kwenye spika, sauti imekwaruza vilevile.

"Waambie wasiende kwenye kina."