Baluni ya Elsie

Mwaka wa tisini na sita, kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga pale Voi, hakuna aliyepita bila Peris kumwona. Alijua nani ameingia wapi na ametoka na nini. Kwa hiyo Jumapili ile, alipokuta baluni nyekundu ya binti yake Elsie iko sakafuni, imenywea kama embe la wiki jana, hakujiuliza mara mbili. Asubuhi alikuwa amemwona jirani yake Wanza akitoka chumbani mwao baada ya kurudisha ungo.

Elsie alipewa baluni hiyo Jumamosi, kwenye mashindano ya sayansi ya shule huko Mombasa. Ilikuwa imeng'ang'ania dari usiku kucha, na Peris alikuwa ameita nusu ya ploti waje waione.

Akatoka hadi mferejini, kwenye bomba la maji la ploti. Mbele ya wanawake wote akasema Wanza ana kijicho, ameitoboa baluni ya mtoto wa watu kwa kuwa binti yake yeye aliachia masomo darasa la sita. Wanza akaendelea kukamua shuka.

Jioni Elsie akarudi kutoka kwaya, akaigeuzageuza baluni, akacheka.

"Hakuna aliyeigusa, Mama. Ndivyo ilivyo."

Akaeleza kwamba ndani hamkuwa na hewa ya kawaida bali heliamu, gesi nyepesi ambayo punje zake ni ndogo mno hata hupenya kwenye mpira wenyewe mpaka ziishe. Moyo wa kila punje una vipande vinne vilivyoshikana imara. Haichakai, haishiki moto, haiungani na kitu. Nyingi ilitokea ulimwengu ulipoanza, na jua lingali linaitengeneza. Lakini hii ya mitungi ya kujazia baluni hutoka ardhini: mawe yenye urani, madini ya mionzi, huchakaa kwa mamilioni ya miaka, yakiitema kidogo kidogo. Hata mawe ya kijijini kwao Kishushe huenda yanaitema.

Peris alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa akiutazama mlango wa Wanza.

"Kwani ulimlaumu mtu?" Elsie akauliza.

Mferejini wanawake walikuwa wamerudi kuteka maji ya jioni, Wanza akiwa miongoni mwao. Peris akamsogelea Wanza, akanong'ona kwamba baluni ilinywea yenyewe, hakujua, amsamehe.

Wanza hakuinua macho. "Ulipokuwa unanitukana ulisikika hadi barabarani, Mama Elsie. Haya unayosema sasa, hata hawa hapa hawajayasikia."

Peris akawageukia wanawake wote, akaanza upya, kwa sauti.